Kamanda na Mashine Inayoganda

Jino la mwashi lilidondokea kwenye kibodi, likajipenyeza katikati ya vitufe viwili, likasimama humo kama limepandwa. Mwenyewe alikuwa hajajua kwamba limetoka. Alikuwa anainuka kitini, mdomo wazi, ana neno anataka kusema, na neno likatoka limelowa damu.

"Unaniua mashine imeganda!" Nyundo alifoka, ngumi bado imekunjwa. "Unaniua mtu nimeganda, halafu unanichekea?"

"Hata mimi niliganda," mwashi akajitetea kupitia kiganja chake. "Tuliganda wote!"

Kamanda alikuwa mlangoni anakaza waya wa spika. Aliivuka sebule ile ya michezo kwa hatua mbili, akamkamata Nyundo ukosi na kumbamiza ukutani hadi rangi ikabanduka. Huyu Nyundo alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa naye, tumbo moja, na ukutani alibamizwa vilevile kama mgeni. Kwa mkono wa pili akamtupia mwashi kitambaa cha kufutia skrini.

"Uma hicho. Na kama jino limo mdomoni usilimeze."

"Liko huku," alisema msusi, aliyekuwa kwenye mashine ya jirani. Alichomoa pini kwenye nywele zake, akalichokoa lile jino, akalipangusa kwenye gauni na kumkabidhi mwenye nalo kama anayemrudishia funguo. Kisha akageukia skrini yake kuangalia kama mchezo umeshaganduka.

Ndivyo kilivyokuwa chumba kile. Kilikuwa nyuma ya safu ya maduka, mlango wa chuma mzito unaofungwa kwa kusukumwa na bega, dirisha moja la nondo, na meza ndefu iliyotengenezwa kwa milango miwili ya zamani iliyolazwa juu ya matofali. Juu ya meza zilikaa kompyuta nne. Tatu zilikuwa za kawaida, za kumezwa na vumbi, na moja ilikuwa kubwa, ndiyo iliyobeba mchezo wa zote. Wachezaji wakiingia vitani humo kwenye skrini, ile kubwa ndiyo inayopiga hesabu za risasi zote, nani kapigwa, nani kaponea chupuchupu. Sasa vita vikipamba moto, watu wakirushiana mabomu kutoka pande zote, ile kubwa inaganda. Picha zinasimama tisti. Ikiganduka, wengine ni wazima na wengine ni maiti, na hakuna anayejua kafaje. Hapo ndipo watu wanapotoka kwenye skrini na kuanza kuuana kwa mikono.

Wiki ile peke yake kiti kilishavunjikia mgongoni mwa dereva wa lori, na kinyozi wa mtaa wa pili alishaondoka na sikio linaloning'inia. Wote walipigwa na Nyundo, na wote, kwa mujibu wa Kamanda, walipigwa kwa sababu ya kuganda.

Jina la Kamanda alilipata kwenye ghala alikokuwa mlinzi. Alikuwa mwanamke peke yake kwenye zamu, na rungu lake lilikuwa linafahamika na wezi wa mji mzima, baadhi yao kwa ukaribu sana. Kovu lililomshuka kutoka sikioni hadi kwenye taya alipewa na mwizi mmoja kwa mnyororo wa baiskeli. Ukimuuliza kuhusu kovu hilo atakwambia, "Hujamuona yeye." Ghala lilipofungwa, tajiri hakuwa na cha kuwapa walinzi, akawaambia kila mmoja achukue kitu ofisini. Wenzake walivamia viti vya kuzunguka na makabati. Kamanda alisimama mbele ya meza yenye kompyuta, akashika rungu kwa mikono miwili, akauliza kama kuna mwenzake mwingine anayezitaka hizi. Hakupatikana.

Rungu alilizoea ukubwani, lakini kipigo alikizoea utotoni. Baba yao alikuwa seremala mwenye mkono mwepesi, na ulikuwa mwepesi zaidi akirudi nyumbani na hasira za kazini. Kamanda alikuwa anamsukumia mdogo wake chini ya kitanda, kisha yeye anasimama mbele ya kitanda, anakula zake na za mwenzake. Alipoona mtoto anaanza kupata misuli, alimvuta uani akamfundisha kukunja ngumi. Kuikunjua akasahau kumfundisha.

Mtoto akakua, akawa bondia. Akawa bondia mzuri kabisa, mpaka siku alipompiga mwamuzi. Toka hapo hakuna ulingo uliomtaka, akahamia kwa dada yake, analala nyuma ya pazia kwenye kile chumba cha michezo, mchana anacheza na kulinda mlango. Watu walikuja kumtazama akicheza, maana alikuwa hodari, na ukweli lazima usemwe, walikuja pia kumtazama akipiga. Kwa Kamanda alikuwa mlinzi, kivutio na mtoto wake wa kwanza, vyote katika suruali moja.

Mwashi hajafika mbali na jino lake, Mama Mwenye Nyumba akaingia. Alikuwa mfupi, mzito, na hakuwahi kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Alitazama damu kwenye kibodi, akatazama sakafu, akamtazama Nyundo, akamalizia kwa Kamanda.

"Huyu ametoka amefumba mdomo na shati jekundu. Alikuja na shati jeupe."

"Ni mashine, mama," Kamanda alisema. "Inaganda."

"Mashine ndiyo imempiga ngumi?"

"Ikiganda watu wanakasirika."

"Mimi pasi yangu ikiharibika huwa nakasirika. Umeshaniona nimemng'oa mtu jino?" Alikanyaga tone la damu kwa kandambili, akalifutia hapo hapo sakafuni. "Sikiliza, mwanangu. Wewe mimi nakupenda, unalipa na huna makelele, makelele ni ya hawa. Lakini majirani wameshaanza kusema nyumba yangu ni machinjio. Damu ya mteja ikimwagika humu mara nyingine, hata tone, chumba nakichukua. Sitakuja kuongea. Nitakuja kutoa vitu nje."

Alipotoka, Kamanda alikaa kwenye kiti cha mwashi. Chumba kile kikichukuliwa, hana pengine. Umri wa kulinda maghala ulishapita, magoti yake yalikuwa yanalia yakipanda hata ngazi, na huko nje hakuna mwenye nyumba atakayempokea mpangaji anayekuja na ngumi za mdogo wake. Akakata shauri: mashine iponywe, damu ikome.

"Tununue kadi ya picha," Nyundo alisema, analamba vidole vyake vilivyochubuka. "Kadi ikiwa kubwa haigandi tena. Kila mtu anajua."

"Wewe nyamaza. Kaniitie Miwani."

Miwani alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la pili. Alikuja na mkoba wake, akakaa mbali na Nyundo kadiri chumba kilivyoruhusu. Kwanza aliuliza inaganda lini. Kisha akashusha ubora wa picha mpaka chini kabisa, askari kwenye mchezo wakawa na sura kama wamechongwa kwa shoka, akawaambia wachezaji wapigane.

Ikaganda vilevile.

"Ingekuwa kadi ya picha ndiyo inaelemewa, hapa ingepumua," Miwani alisema. Alifungua kidirisha chenye mistari inayopanda na kushuka, akagusa skrini kwa bisibisi. "Huu mstari uliogonga dari ni prosesa. Huu mwingine wa chini ni kadi. Kadi yenu inasinzia, mama, inasubiri kuambiwa ichore nini, na wa kuiambia amezidiwa. Hii prosesa ina viini vinne, tena vya zamani. Ni kama wabebaji wanne wanashusha lori zima, na huku mnawaongezea mizigo ya mashine zingine tatu."

"Kwa hiyo akizidiwa anasimama."

"Anasimama. Na nyinyi mnapigana."

"Umesikia?" Kamanda akamgeukia mdogo wake, uso umechangamka kama mtu aliyekutwa hana hatia mahakamani. "Si nilisema? Ni mashine."

Nyundo alitikisa kichwa kukubali, kwa nguvu. Hata yeye alionekana kafarijika.

Kesho yake asubuhi walikwenda watatu kwa muuza vipuri. Duka lilikuwa jembamba, vioo pande zote, na mwenye duka alikuwa na tabia ya kuongea huku anatazama viatu vya mteja. Alivitazama vya Kamanda, akajua aanzie wapi, lakini akaanzia juu kwa kusudi. Akaweka boksi linalong'aa.

"Hii ndiyo ya kisasa. Toleo jipya kabisa."

"Haiingii kwenye bodi yao, ile sahani inayoshikilia vipuri vyote," Miwani akasema. "Soketi tofauti. Wakichukua hii, wanunue bodi nyingine, na ramu nyingine."

"Basi irudishe," Kamanda alisema. "Hela niliyobeba ni ya prosesa peke yake. Haina bodi, haina ramu, haina hata soda ya njiani."

Boksi likarudi kabatini. Zikaja mbili zinazoingia kwenye bodi ile ile. Moja ilikuwa mpya, kwenye boksi lake, ya viini sita. Ya pili ilikuwa ya mkononi, imefungwa kwenye kipande cha sponji, ya viini nane, toleo la nyuma zaidi, na bei yake ilikuwa chini kidogo.

"Nane!" Nyundo aliinyooshea mkono. "Na bei rahisi. Dada, tuondoke."

"Ngoja kwanza," Miwani alisema. "Hii ni ya zamani, kila kiini chake ni kizito. Kwa kazi za ofisi sawa. Gemu inataka mwenye mbio. Sita wa hii wanawakimbiza nane wa ile, mchana kweupe. Halafu hii ya mkononi haina dhamana, hatujui ilikopikwa."

"Nane ni nyingi kuliko sita. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

"Labda ndiyo maana na wewe unalijua," muuza vipuri akatabasamu kwa upande mmoja, macho kwenye viatu vya Nyundo.

Nyundo alimfikia juu ya kaunta. Alimkunja shati kifuani, akamvuta mpaka tumbo la mtu likalala juu ya kioo, kioo kikalia kreee, na mwenye duka naye akawa analia karibu hivyo hivyo. "Nani mtoto? Sema tena! Nani mtoto hapa?" Mkono wa kulia ulishakwenda nyuma kuchukua nguvu. Kamanda aliudaka kifundoni, akauzungusha hadi kwenye uti wa mgongo wa mwenyewe, kama alivyokuwa anafanya ghalani.

"Mwachie."

"Ananidharau!"

"Mwachie, au nakuvunjia hapa hapa na prosesa hatununui, tunanunua plasta."

Alimwachia. Muuza vipuri alirudi upande wake, anapapasa vifungo ambavyo havikuwepo tena. Kuanzia hapo alitazama nyuso.

Kamanda aliziangalia zile prosesa mbili zilizolala kwenye kioo chenye ufa. Alikumbuka zamu za ghala. Kuna kipindi walikuwa walinzi wengi, wote wazembe, na mali ilikuwa inatoka kwa mikokoteni. Walipopunguzwa wakabaki wachache wenye macho, haikutoka hata msumari.

"Nipe hiyo ya sita," akasema.

"Dada!"

"Nimeshasema. Tena wewe ukae mbele yangu njiani nikuone mikono."

Yule mwenye duka aliwapunguzia bila kuombwa, ilimradi watoke.

Walipofika chumbani, Miwani alitoa onyo, na alilitoa kwa lugha nyepesi kabisa. Bodi yao ilikuwa imetengenezwa kabla ya ile prosesa mpya. Haiijui. Kwa hiyo lazima kwanza ile ya zamani ibaki humo humo, yeye aisomeshe bodi programu mpya, ikishaelewa ndipo wabadilishe. "Ukiitoa ya zamani kabla, unabaki na mpya isiyojulikana, mashine inakuwa boksi la bati. Pili, feni imeshikana na prosesa kwa ile dawa ya joto, imekauka miaka. Tutaiwasha ipate moto kidogo, dawa ilainike, ndipo tuing'oe kwa kuizungusha taratibu. Mimi nakwenda kibandani kuchukua dawa mpya. Asiguse mtu."

Asiguse mtu, na mtu mwenyewe anajulikana. Kamanda alikwenda uani kuchota maji, mgongo wake haujapotea mlangoni, Nyundo akawa ameshafungua ubavu wa mashine. Alitaka tu kusaidia, ndivyo alivyosema baadaye. Alifungua skrubu za feni, akaikamata kwa mikono yote miwili, akaikwanyua kwa nguvu kama anang'oa mhogo. Ikang'oka. Ikang'oka na prosesa imeganda chini yake, imechomolewa kwenye soketi ikiwa bado imefungwa, na vile vijiguu vyake vidogo vya dhahabu, safu nzima ya pembeni, vimelala kama majani yaliyokanyagwa.

Miwani alirudi akaona. Alitoa sauti ambayo mtu huitoa akigongwa.

"Nimesema nini mimi? Hivi wewe una masikio au una vishikio vya miwani?"

Kofi lilimkuta katikati ya sentensi. Lilikuwa kofi la bondia, la kiganja kizima, na likampeleka Miwani chini ya meza, kati ya matofali, miwani yake ikaruka na kugonga mlango. Nyundo akamfuata na teke. Teke la kwanza lilimpata kwenye mbavu. La pili halikufika, kwa sababu Kamanda aliingia na ndoo ya maji na ndoo ikamfika Nyundo kisogoni, maji na plastiki pamoja. Alipoyumba, dada mtu akamkata ngwala, akamkalia kifuani, akamzaba makofi kushoto na kulia, kila kofi na neno lake.

"Fundi! Wangu! Unampiga! Fundi! Wangu!"

"Ameniambia sina masikio!"

"Unayo? Yako wapi? Nioneshe nikuvute!"

Miwani alitambaa kutoka chini ya meza, anashika ubavu, akaitafuta miwani yake. Kioo kimoja kilikuwa na ufa. Angeweza kuondoka. Kamanda alimwambia hivyo hivyo, baba, ukiondoka sitakulaumu, na nikikuomba ukae naona aibu, lakini nakuomba.

"Kamanda, mimi sibaki kwa ajili yake," Miwani alisema. "Nabaki kwa sababu sijawahi kuacha bodi imefunguka."

Alikaa dirishani na wembe. Akaanza kuvinyoosha vile vijiguu kimoja kimoja, anaingiza ncha ya wembe katikati, anainua, anashusha pumzi. Kamanda alimlazimisha Nyundo apige magoti hapo, ammulikie kwa tochi ya simu, maji bado yanamchuruzika. Tochi ikitikisika, anakula kofi. Baada ya muda mrefu tochi haikutikisika tena.

Ya zamani ilirudi kwenye soketi. Ikawaka. Bodi ikasomeshwa. Ikazimwa, ikapashwa, feni ikazungushwa taratibu, safari hii na Miwani mwenyewe, na ile ya viini sita ikaingia mahali pake kwa uzito wake tu, bila kusukumwa. Skrini ilipowaka na kutaja jina la mgeni wake mpya, Kamanda alipiga kigelegele kimoja kikali, akajifunika mdomo.

Siku iliyofuata mchana chumba kilijaa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ile kubwa imebadilishwa roho. Hata mwashi alikuja, pengo mbele, amekaa karibu na mlango kwa tahadhari. Msusi alikuwa amefunga saluni yake kwa saa ya chakula. Alikaa, akavuta kiti, akavunja vidole vyake ko-ko-ko.

"Nyundo, njoo. Leo hamna mashine ya kusingizia."

Watu wakacheka. Nyundo naye akacheka, akakaa kwenye ile kubwa.

Walianza. Mabomu yakarushwa, magorofa yakaporomoka, moshi, wapiganaji wengine kutoka zile mashine mbili wakimiminika, risasi kama mvua ya mawe. Pale pale ambapo siku zote picha ilikuwa inasimama, haikusimama. Ilitiririka. Kamanda, aliyekuwa amesimama nyuma yao ameshika mkono wa kiti, aliuachia.

Msusi akamuua Nyundo kwa risasi ya kichwa.

Wakarudia. Akamuua kwa bomu, amelirusha juu ya ukuta, likamwangukia miguuni. Wakarudia tena. Safari hii alimvizia nyuma kwenye ngazi na akamchinja kwa kisu, polepole, askari wa Nyundo akapiga magoti na kumwaga damu skrini nzima, kila mtu anaona, hakuna kilichokwama hata kidogo.

"Imeganda!" Nyundo alisema.

Alichoma skrini kwa kidole.

"Imeganda. Mmeona. Hapo kwenye ngazi."

"Haijaganda," Kamanda alisema. Alitamka taratibu, kama anajiambia mwenyewe.

"Imeganda, dada!"

"Labda imeganda kichwani mwako," mwashi akasema kutoka mlangoni, herufi zinavuja kwenye pengo.

Walicheka. Msusi alicheka zaidi ya wote, amejiegemeza kitini, na ni yeye aliyekuwa karibu. Nyundo alimkamata misuko, akamvuta na kiti chake mpaka chini, akaanza kumburuta sakafuni kuelekea kwake, na ngumi ya kulia ikapanda. Watu wakapiga kelele wakirudi nyuma. Kamanda alijirusha katikati.

Ngumi ilimpata yeye. Ilimpata puani barabara, akasikia mfupa ukisema kitu ndani ya kichwa chake, na damu moto ikamjaa mdomoni. Miaka yote Nyundo alikuwa hajawahi kumpiga dada yake. Alipofumbua macho aliuona uso ule juu yake, meno yameumana, mshipa umesimama kwenye paji, na akaujua. Ulikuwa uso wa seremala. Ni yeye aliyemsukuma mtoto chini ya kitanda ili asiguswe na uso ule, na kumbe ulikuwa umemfuata huko huko.

Hapo hakupiga tena kama dada. Alipiga kama kazini. Aliokota stuli, akampiga nayo kwenye goti, goti likakunjika. Nyundo akaja na ngumi ya kushoto, dada mtu akaipisha, akampa kichwa kwenye kidevu, damu ya pua yake ikawapaka wote wawili. Nyundo alimkaba koo kwa mikono yote miwili, akamsukuma juu ya meza, kibodi zikamwagika, kamba za waya zikakatika. Kamanda alikuwa anaona nyota. Alitafuta kwa mkono, akapata spika, akamshindilia nayo kwenye sikio, mara moja, mara mbili, mpaka mikono ikalegea. Kisha akamkamata mkanda wa suruali na ukosi, akamkimbiza kuelekea mlangoni, mwashi akaruka pembeni, na Nyundo akatoka nje kifudifudi.

Akageuka mara moja arudi ndani. Alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kulia, mkono ule ule, ajivute.

Kamanda aliuona ule mkono. Hawezi kusema hakuuona. Aliweka bega kwenye mlango wa chuma, akasukuma.

Ulisikika mlio mkavu. Halafu Nyundo akapiga ukunga, ukunga mwembamba usiofanana na mwili wake. "Dada! Mkono! Dada, mkono wangu!"

Mama Mwenye Nyumba alifika nguo imefungwa kifuani, na nyuma yake wapangaji wawili waliokuja kutoa vitu. Alimruka Nyundo aliyekaa vumbini amekumbatia mkono wake, akaingia. Alitazama meza iliyovurugika, damu ukutani, damu kwenye gauni la Kamanda.

"Ya nani?"

"Yangu," Kamanda alisema.

"Na ile ya mlangoni?"

"Ya mdogo wangu."

"Mteja?"

Kamanda alimgeukia msusi. Msusi alikuwa amesimama, ameshika misuko yake miwili mkononi, imeng'oka na mizizi. Kichwa chake kilikuwa na uwazi mwekundu mahali ilipotoka. Alijigusa pale, akatazama vidole vyake. Vilikuwa vikavu.

"Mimi nimetokwa na nywele, mama," alisema. "Damu sina."

Mwenye nyumba alivuta pumzi ndefu kupitia puani. Wale wapangaji wawili walikuwa wameshashika ile mashine kubwa huku na huku.

"Iwekeni chini," akawaambia. Kisha kwa Kamanda: "Chumba kinabaki. Huyo habaki. Sitaki kumuona humu, wala nyuma ya pazia, wala mlangoni, wala barazani. Siku nikimuona, hata kama hajamgusa mtu, ujue nimekuja na watu hawa hawa."

"Nimesikia."

"Sema vizuri."

"Habaki," Kamanda alisema, akatema damu kwenye kiganja chake.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu la mbao. Walikaa huko, yeye na mdogo wake, kati yao nafasi ya mtu mmoja. Mkono wa Nyundo ulikuwa umevimba mpaka vidole havikuonekana vinaanzia wapi. Kamanda alikuwa amejisokomeza pamba kwenye pua zote, anapumua kwa mdomo. Waliokaa jirani nao walishahama.

"Nguo zako nitakuletea," alisema. "Na godoro."

"Uniletee wapi?"

"Utaniambia utakapokuwa."

"Nitalala wapi, dada?"

Kamanda alitazama ukuta uliokuwa mbele yake. Alikuwa amejiuliza hilo njia nzima.

Nyundo alijaribu kusogeza kidole kimoja, akasaga meno. Halafu akauliza, chini chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Kweli haikuganda?"

"Haikuganda."

"Hata kwenye ngazi?"

"Hata kwenye ngazi. Ilikuwa inatiririka kama maji."

Nyundo aliinamisha kichwa.

Muuguzi alitokea mlangoni, akautazama ule mkono, akakunja uso. "Nani amekufanya hivi?"

"Mimi," Kamanda alisema.

"Wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

Muuguzi alimtazama pamba, shingo yenye alama za vidole, gauni lililoganda damu. "Na wewe umefanywa na nani?"

Kamanda alimnyooshea kidevu aliyekaa pembeni yake.

"Haya," muuguzi akasema, amechoka nao kabla hawajaanza. "Ingieni wote wawili."

Kamanda alisimama, akamshika mdogo wake kiwiko cha upande mzima amsaidie kuinuka. Nyundo alijaribu kujinasua. Hakumwachia.